Mwalimu wa Kilatini na Neno la Kubadilika

Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, baba yake alikuwa nani, hayo waulizwe wenyeji wa Kirushya, wilaya ya Ngara. Mimi nilimkuta mzee tayari, amestaafu, anatembea na chaki mfukoni kana kwamba kengele ya kipindi ingeweza kulia wakati wowote. Watu walimwita Mwalimu wa Kilatini. Shule ya msingi pale ilikuwa na walimu tisa, nami nikiwa mmoja wao, lakini ukisema "Mwalimu" bila kuongeza kitu, kijiji kizima kilijua umemtaja yeye.

Kirushya ilikuwa ajira yangu ya kwanza. Mimi ni Msukuma. Baba yangu alitoka Shinyanga na ng'ombe wake akaja kukaa Nyantakara, wilaya ya Biharamulo, na huko ndiko nilikokulia. Nilikuwa sijawahi kuishi kwenye vilima wala katikati ya migomba. Nyumba niliyopewa ilipakana na shamba lake. Nilifika na godoro, ndoo mbili na jiko la mkaa, nikamkuta amesimama mbele ya mlango wangu, koti limefungwa vifungo vyote juani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwarimu mpya? Sasa niambie, umehama au umebadirika?"

Sikuelewa swali. Nikajibu kwamba nimehama, nina barua ya kupangiwa kituo.

"Kwa Kiratini ni kitu kimoja," akasema. Akatoa chaki, akaandika kwenye mlango wangu ambao nilikuwa hata sijaufungua: *muto, mutare, mutavi, mutatum*. Akayasoma kwa sauti ya kuimba, kama watoto wanavyoimba jedwali la kuzidisha. Kisha akanisaidia kuingiza godoro.

Ndivyo alivyosema, herufi l na r zikibadilishana nafasi mdomoni mwake, kama kwa wengi wa kule. Miaka thelathini alifundisha wavulana wa seminari ndogo kutamka lugha ya Warumi sawasawa, na yeye mwenyewe aliiita Kiratini. Mbele huku nitaandika maneno yake kama yanavyoandikwa vitabuni, lakini atakayesoma ajue kwamba hakuyasema hivyo.

Maandishi yale sikuyafuta. Mwanzoni ni kwa uvivu, baadaye kwa sababu nilikuwa nimeanza kuyaelewa.

Alipenda kusema kwamba hata lugha nzima ya Kilatini ikimtoka kichwani, kitenzi hicho kimoja kikibaki atakuwa hajapoteza kitu. Kiswahili, alisema, kina maneno mengi kwa kazi hiyo: mtu anahama, maziwa yanachacha, nguo zinabadilishwa, wafanyabiashara wanabadilishana, rangi ya uso inageuka. Warumi waliyatia yote kwenye mfuko mmoja. Ukilikuta neno lao kitabuni huwezi kujua maana yake mpaka uangalie liko pamoja na nani. "Kama mtu," alisema. "Huwezi kumjua mpaka umwone ameketi na nani."

Alikuwa na mifano iliyotoka nyumbani kwake. Mkewe alikamua juisi ya ndizi, nyingine akawapa watoto wa majirani ikiwa tamu, nyingine akaitia unga wa mtama na kuiacha iwe pombe. Siku ya pili Mwalimu aliinama kwenye dumu, akatega sikio kama daktari.

"Njoo usikie," aliniita. "Inabadilika."

Nilisikia mapovu.

"Nani anaibadilisha?"

"Mama," nilijibu, maana ndiye aliyeitengeneza.

"Hapana. Yeye ameondoka, yuko shambani. Inabadilika yenyewe. Hiki kitenzi, binti, kina siku ambazo hakitaki mtendaji. Mambo yanabadilika tu, wewe ukiwa shambani."

Hakunywa pombe ile hata tone. Alipenda kuisikiliza tu.

Watu walimletea barua zilizowashinda. Jirani mmoja aliyekuwa na kesi ya mpaka wa shamba na kaka yake alikuja siku moja na uamuzi wa baraza la ardhi mkononi. Mwenyekiti wa baraza alikuwa ametia humo maneno mawili ya Kilatini, *mutatis mutandis*.

"Mwalimu, wamenitaja na mtandao," yule jirani alisema. "Mimi simu yangu ni ya tochi. Mtandaoni sijawahi kwenda."

Mwalimu aliisoma barua yote, pole pole, akavua miwani. Hakucheka, mimi ndiye niliyelazimika kutoka nje. Akamweleza kwamba maana yake ni "vikiisha kubadilishwa vile vinavyopaswa kubadilishwa." Baraza lilikuwa limesema mpaka wa juu upimwe kama ulivyopimwa wa chini, ila pale penye mfereji wafuate mfereji.

"Kumbe ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Mambo yanabaki yaleyale, isipokuwa yasiyoweza kubaki."

Jirani akaenda kwake amefurahi. Kwa mwezi mzima wanaume wa kilabuni walisalimiana, mmoja akisema "mutatis," mwenzake akiitikia "mutandis."

Lakini mtu yeyote aliyemsikia akilisifia neno lile asingedhani jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa mgumu wa kubadilika. Kanisani, pale kigangoni, alikaa benchi la tatu, mwisho wa upande wa kulia, na mgeni aliyewahi nafasi hiyo aliombwa asogee. Chai yake ilikuwa saa kumi, bila sukari, kwenye kikombe cha bati kilichomenyuka rangi. Wanafunzi wake wa zamani walimnunulia simu. Aliihifadhi ndani ya soksi sandukuni, mkewe ndiye aliyeijibu. Na mnyauko ulipoingia kwenye migomba, bwana shamba akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu wang'oe mashina yaliyougua na kuyazika, Mwalimu alimsikiliza, akamshukuru, hakufanya kitu. Misimu miwili migomba ilinyauka mbele ya macho yetu, ndizi zikiiva kabla ya wakati na ndani zina kutu. Mkewe alimsihi. Katekista alimsihi. Nami nilijitia kumkumbusha lile neno lake.

"Neno ni neno," alinijibu, "na mgomba ni mgomba."

Kisha asubuhi moja tulisikia panga. Alikata shamba zima siku ileile, peke yake, mashina yenye ugonjwa na machache yaliyokuwa bado mazima, akayafukia. Jua lilipotua uwanja wote ulikuwa mtupu, tukaonana kutoka mlango hadi mlango bila kizuizi. Hakumweleza mtu yeyote kilichomfanya aamke na panga siku hiyo. Mvua ziliponyesha akapanda maharage.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hakuwa padri. Kijiji kilijua kwamba alibakiza mwaka mmoja apewe upadre, akaacha, na kwamba aliyemwachisha ndiye huyo mkewe aliyekuwa ameketi karibu nasi kwenye mkeka anapukuchua maharage. Alikuwa amekwenda kumtazama kaka yake seminarini, kumpelekea sweta. Wengine walikuwa bado wanaona haya kulitaja jambo hilo. Mwalimu hakuona haya. Alitafuta chaki.

Akaandika juu ya ubao wa kukatia mboga: *Librum pane muto*.

"Nabadili kitabu na mkate," akatafsiri. "Sasa niambie, binti. Mkononi nimebaki na nini?"

"Mkate."

"Umejuaje?"

"Si umetoa kitabu?"

"Mimi sijasema nimetoa kitabu. Huenda mkate ulikuwa wangu, nikautoa ili nipate kitabu. Kwa Kilatini sentensi ni hiyohiyo, hata herufi moja haibadiliki. Kitenzi hiki hakisemi kipi kimekwenda na kipi kimekuja."

"Sasa mtu atajuaje?"

"Amtazame yule anayebadili. Kama ana njaa, au kama anasoma. Wavulana wangu walilia kwenye mtihani kwa sababu ya sentensi hii."

Mkewe aliinua kichwa. "Na mimi katika hayo ni mkate au ni kitabu?"

Mwalimu aliinua chaki hewani. "Wewe," akasema, "ndiye njaa yenyewe."

Mama yule alicheka mpaka ungo ukamponyoka, tukaokota maharage wote watatu kwa magoti. Nimewahi kusikia wanaume wakiwasifu wake zao kwa maneno mengi. Sijasikia lililofika pale.

Sasa niseme la binti yao.

Walizaa watoto watatu, wawili wakafa wadogo, akabaki huyo. Alikwenda Biharamulo kujifunza cherehani, na huko akaokoka. Akabatizwa upya, mtoni, mtu mzima, yeye ambaye baba yake ndiye aliyewafundisha Kilatini nusu ya mapadri waliokuwa wakipita pale kigangoni. Akaolewa na mchungaji kijana wa kanisa hilo la walokole, wakajenga Nyamahanga. Mwalimu hakwenda harusini. Mkewe alikwenda peke yake.

Baadhi ya watu walisema alichukia kwa sababu familia ya mkwe ilitoka Burundi kama wakimbizi. Si kweli. Nusu ya Kirushya ina ndugu ng'ambo ya mpaka, na yeye mwenyewe alikuwa akiwaandikia jirani zake barua za Kirundi. Kilichomchoma aliniambia mara moja tu, nilipokuwa nimezoea kuuliza kila kitu.

"Amebadili imani. *Fidem mutavit*. Unajua Mrumi akisikia hivyo anaelewa nini? Anaelewa kwamba mtu amevunja neno lake. Amesaliti. Kwao ni maneno yaleyale."

"Lakini Mwalimu, wewe si uliacha upadre?"

"Mimi sikuwa nimeapa bado," alisema, akainuka.

Tangu hapo sikulitaja tena, na jina la binti halikutamkwa uani pale mbele yake.

Ila kila likizo nilikwenda kwetu Nyantakara, na ukikubali kuzunguka kidogo unaweza kupitia Nyamahanga. Mkewe alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza. Siku moja kabla ya safari alikuja kwangu kwa mlango wa uani na kifuko cha maharage, wakati mwingine na unga, wakati mwingine shuka la mtoto. "Mwanangu, ukipita kule." Nami nilipita. Nilimjua binti yake hivyo, mwanamke mrefu mwenye kipaji cha uso cha baba yake, ambaye kila nilipofika alinikalisha, akanipa chakula, kisha akauliza habari za mama kwa dakika kumi na za baba kwa kunitazama tu.

Niliporudi Kirushya, Mwalimu alikuja kunisalimu. Hakuuliza habari za wazazi wangu.

"Barabara ya Nyamahanga ikoje?"

Mara ya kwanza nilimjibu habari za barabara, kwamba kuna mashimo na vumbi. Akabaki amesimama. Nilielewa pole pole. Safari iliyofuata aliponiuliza nilisema, "Ni nzuri. Nimeona mahali fulani mtoto wa kike ameanza kutembea, ana miezi kumi tu."

"Kumi?"

"Kumi."

"Basi barabara ni nzuri," akasema, na usipomtazama vizuri ungedhani tunazungumza habari za kokoto.

Tukaendelea hivyo miaka. Barabara ilipata mtoto wa pili. Barabara iliugua malaria, ikapona. Barabara ilinunua cherehani ya pili na kuanza kufundisha wasichana. Mwaka mmoja nilipofungua kifuko cha maharage kule Nyamahanga tulikuta ndani jozi ya viatu vya mtoto, vimefungwa kwa karatasi ya zamani ya mtihani wa Kilatini, wino mwekundu wa Mwalimu ukiwa bado unasomeka. Binti aliikunjua karatasi ile juu ya goti, akainyoosha kwa kiganja mara nyingi. Niliporudi nikamuuliza mkewe.

"Viatu?" alisema. "Mimi sikuweka viatu."

Mkewe aliugua ghafla, wiki mbili hospitali, akafa.

Warumi, Mwalimu alikuwa amenifundisha, walipofiwa walisemwa kuwa "wamebadili nguo," na hapo neno lake lilimaanisha kuomboleza. Yeye alifanya kinyume. Shati alilokuwa nalo hospitali, lenye madoa ya uji aliokuwa akimlisha mkewe kwa kijiko, alikataa kulivua. Watu walijaa uani. Wazee walimwambia, katekista alimwambia, mimi nilipiga magoti nikamwambia. Mwili ulikuwa umefika, padri alikuwa njiani, na yeye ameketi kitandani na lile shati.

Binti yake alifika asubuhi ya maziko na mumewe na watoto. Hakumwomba mtu ruhusa. Aliweka mtoto chini, akapita jikoni akachota maji ya moto kwenye beseni, akaingia chumbani kwa baba yake.

"Baba, vua shati."

Nilikuwa mlangoni. Mwalimu aliinua mikono juu kama mtoto. Binti akamvua, akamwosha kifua na mgongo na kitambaa, akamvika shati jeupe, akafunga vifungo kimoja kimoja hadi cha shingoni. Alipomaliza alichukua shati lenye uji, akalikunja, akatoka nalo.

Mchungaji, mumewe, alikuwa tayari na jembe. Alichimba kaburi na vijana wa kijiji tangu kufika kwake, na padri alipoanza ibada akasimama nyuma kabisa, kando ya shimo la taka, kofia mkononi. Ilipofika sala ile ya wafu inayosema kwamba uhai wa marehemu umebadilishwa tu, haukuondolewa, nilimtazama Mwalimu. Katika sala ya zamani neno lililopo hapo ni *mutatur*, yeye ndiye aliyenionyesha. Midomo yake ilicheza. Nikasema moyoni, leo watapatana.

Haikuwa leo. Kesho yake asubuhi binti alimpigia magoti kumuaga. Mwalimu akamwitikia salamu, akaangalia pembeni. Wala hakumwangalia mkwe wake kabisa. Waliondoka kwa pikipiki mbili, na yeye akaingia ndani kabla hazijawashwa.

Niliumia kuliko nilivyostahili kuumia, mimi nisiye wa damu yake. Wiki mbili nikajizuia. Ya tatu nikavuka uwanja wa maharage.

"Mwalimu, yule kijana alichimba kaburi la mkeo kwa mikono yake. Hukumpa hata maji."

"Yule ni nani?"

"Mkweo."

"Mimi sina mkwe."

"Basi miaka yote hii umefundisha neno usilolijua."

Nilimwambia hivyo, mzee wa umri ule, mgane wa siku ishirini. Aliniangalia bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Binti," akasema, "nenda nyumbani kwako."

Hatukusemezana tena, zaidi ya shikamoo na marahaba tukipishana njiani. Miezi minne ikapita hivyo. Likizo ikaja, nikapita Nyamahanga, nikarudi, hakuja kuniuliza habari za barabara. Kisha barua yangu ya uhamisho ikatoka: shule ya Biharamulo, niripoti mara moja. Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga. Nilibisha hodi mara moja. Mtu anayetaka kweli kumwona mwenzake hubisha tatu. Hakuna aliyejibu, nikashukuru moyoni, nikarudi haraka kupakia godoro. Gari lilipokuwa linageuza nilimwona juu kilimani kwenye mtama, amesimama, mkono umekinga jua. Sikumpungia. Sijui kama alinipungia.

Miaka miwili nilibeba jambo hilo. Watu waliotoka Ngara niliwauliza, wakaniambia yupo, kisha wakaniambia hayupo pale, nyumba imefungwa. Sikuthubutu kuuliza zaidi, wala kupita Nyamahanga.

Mwaka jana tulikuwa na semina ya walimu Nyamahanga, ikamalizika Jumamosi mchana. Nikasema nitapita kumsalimu yule dada, binti wa Mwalimu, nilale kwake, kesho niende. Nilipopinda kwenye uzio nilisikia watoto wanaimba kwa pamoja, sauti za kukariri, na miguu yangu ikasimama kabla sijaelewa wanakariri nini: *muto, mutare, mutavi, mutatum*.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha mbao kivulini mwa ukuta, amekonda, koti limemzidi. Macho yalikuwa yamefifia. Alinitambua kwa sauti niliposema shikamoo.

"Marahaba. Wewe ulibisha hodi mara moja," akasema. "Nilikuwa nyuma ya nyumba. Nilikuja mlangoni nikakuta umeshageuka, nikapanda kilimani kuliangalia gari lako."

Nilipiga magoti pale pale nikamwomba msamaha, wa hodi na wa lile neno. Alinishika kichwani.

"Lile neno lilikuwa kweli. Kaa. Umekula?"

Binti yake alileta ugali na samaki, akakaa nasi. Nikamuuliza Mwalimu alifikaje pale, maana sikudhani kuna aliyekwenda kumchukua.

"Nilikuja na gari," alisema. "Baada ya wewe kuondoka nyumba ilikuwa na ukimya. Asubuhi moja nikachukua fimbo nikapanda gari. Njia nzima nilitunga maneno ya kumwambia huyu. Kwa Kiswahili yakawa makali. Kwa Kihangaza, lugha ya kwetu, yakawa ya kujipendekeza. Kwa Kilatini yakawa mazuri sana, lakini yeye hajui Kilatini." Akatafuna kidogo. "Nikafika hapa uani. Alikuwa anafua. Akainuka, mikono ina povu. Nikamtazama, maneno yote yakanitoka. Nikaomba maji ya kunywa."

"Uji," binti alisema.

"Nini?"

"Hukuomba maji, baba. Uliomba uji."

"Niliomba maji."

"Ulisema, 'Mwanangu, una uji?' Nikasema upo wa watoto. Ukanywa vikombe viwili. Halafu nikakuuliza, umekuja kulala? Ukasema umekuja kukaa, kama kuna nafasi."

"Hilo la kukaa nililisema," Mwalimu akakiri. "Lakini yalikuwa maji."

Walibishana hivyo mpaka chakula kikapoa, na nilivyoona si mara ya kwanza, na hakuna hata mmoja aliyetaka kushinda.

Nililala pale. Jumapili alfajiri nilisikia pikipiki inatolewa uani, nikatoka. Mchungaji alikuwa amevaa suti yake ya kuhubiria, suruali imekunjwa juu ya raba, anakausha kiti cha nyuma kwa tambara. Aliniambia kwamba kila Jumapili humpeleka mzee misa ya kwanza kigangoni, kisha hukimbia kurudi kwenye ibada yake mwenyewe, na waumini wake wamezoea kumwona anaingia na vumbi mabegani.

"Na misa ikiendelea wewe unangoja nje?" nilimuuliza.

"Mwanzoni ndiyo. Nilikaa kwenye pikipiki, barabarani. Sikutaka kumtia aibu mbele ya watu wake." Aliendelea kufuta kiti ambacho kilikuwa kimeshakauka. "Jumapili moja mvua ikanyesha, ile kubwa. Padri yuko katikati ya mahubiri. Mara naona mlango wa kanisa umefunguka, mzee ametoka, anapapasa na fimbo, analowa. Nikamkimbilia nikidhani anaumwa. Akanishika mkono akasema, 'Mkwe wangu, ingia, utalowa.'"

"Ukaingia?"

"Nikaingia. Tukakaa benchi moja, maji yanatuchuruzika wote wawili."

Mlango ukafunguliwa, Mwalimu akatoka ameshikwa na binti yake. Mchungaji aliinamisha pikipiki, akamsaidia kuvusha mguu. Mzee alimkumbatia kiunoni kwa mikono miwili, akalaza shavu mgongoni mwa ile suti, wakaondoka.